Boksi la Nyaya Chini ya Meza

Jana nilikuona, mwanangu, umeinama chini ya meza unachambua lile boksi la nyaya. Mteja kaleta kompyuta aongezewe kadi ya grafiksi, kadi inataka nyaya mbili za pini nane, na pawa saplai aliyonunua ya mtumba ilimfikia na waya mmoja tu. Ukaokota waya mwingine humo, ukaujaribu, ukaingia mpaka ukalia tak, ukatabasamu. Nikakuambia uuchomoe, ukanuna. Sikutaka kukueleza mbele ya mteja.

Pawa saplai za zamani nyaya zake zimeungwa kutoka ndani, huna pa kukosea. Hizi za kuchomoa, kila waya una ncha mbili. Ncha inayokwenda kwenye mazabodi, kadi au diski ina mpangilio wa pini ambao watengenezaji wote wanaufuata. Ncha ya upande wa pawa saplai haina sheria. Huyu volti 12 kaziweka safu ya juu, mwenzake kaziweka chini, na hata kampuni moja, toleo la juzi na la leo huenda yasifanane. Kinachofanana ni umbo la plastiki. Basi ile tak uliyoisikia ilikuambia kwamba plastiki imeingia kwenye plastiki, hakuna zaidi.

Mimi nililijua hilo kwa hasara ya mtu mwingine. Mpiga video za harusi aliniletea kompyuta yake nimbadilishie pawa saplai, maana kadi mpya ilizidi nguvu ya ile ya zamani. Zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa za kampuni moja. Nikajiuliza, taabu ya nini kufumua nyaya zilizokwisha pangwa vizuri nyuma? Nikatoa pawa saplai ya zamani, nikapachika mpya, nyaya zikabaki zilezile. Nikawasha. Hapakuwa na mlipuko. Ilikuja harufu tu, ile unayoijua, na feni zikasimama. Diski mbili zilikuwa zimepokea volti 12 kwenye njia ya volti 5. Humo mlikuwa na harusi tatu ambazo wenyewe hawajakabidhiwa. Bibi harusi mmoja alikuja dukani na mama yake. Mama hakugomba, aliuliza kama sehemu ya ngoma peke yake inaweza kupatikana. Diski nililipa. Ngoma haikupatikana.

Kwa hiyo kadi mpya ikigoma, usikimbilie boksi. Feni zikistuka mara moja kisha kompyuta ikazima, shukuru: huenda pawa saplai imehisi shoti ikajilinda. Usibonyeze tena mara ya pili na ya tatu, eti labda. Chomoa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Toa kadi, toa na nyaya zake ncha zote mbili, uwashe bila kadi. Kama prosesa ina grafiksi yake yenyewe, picha itatokea kwenye skrini, nawe utajua ugomvi uko kwenye kadi au kwenye waya wake.

Halafu tazama kama hukupachika waya wa prosesa kwenye kadi. Nao una pini nane, na vijana wengi wanauchanganya. Wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi sita kwa mbili. Ukizishika zote mbili, kwenye waya wa prosesa volti 12 ziko upande wa klipu, kwenye waya wa kadi ziko upande wa pili. Yaani ni kinyume kabisa, na mkono wenye haraka unaweza kulazimisha. Zamani rangi zilitusaidia: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi ethi. Siku hizi nyaya nyingi zinatoka nyeusi kwa ajili ya urembo, wakati mwenye kompyuta anazifunika hata hazionekani.

Kama waya huujui asili yake, upime. Pawa saplai iwe mezani, haijaunganishwa na kifaa chochote. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, unganisha pini ya 16 na ya 17 kwa kipande cha waya, itawaka yenyewe. Sasa pima ncha ya kadi kwa mita: pini tatu zisome volti 12, zilizobaki sifuri. Kati ya 11.4 na 12.6 ni salama. Ukiona volti 5 pale, au ukiona 12 upande wa klipu, waya huo si wa pawa saplai hiyo. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata ukiwa umeshachomoa ukutani.

Jambo dogo la mwisho. Waya mmoja wenye vichwa viwili usiutegemee kwa kadi nzito. Soketi ya pini nane imewekewa wati 150, ile ya pini sita wati 75, na mazabodi inaongeza 75. Kadi kama RTX 3080 inakula wati 320. Ipe nyaya mbili kutoka matundu mawili tofauti. Hizi mpya za pini 16, zilizoingia mwaka 2022 na kubeba hadi wati 600, sukuma mpaka mwisho, usikunje waya karibu na plagi. Kuna zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, na nyingi zilikuwa hazijaingia sawasawa.

Mteja wako umwambie asubiri waya wa mtengenezaji wa pawa saplai yake. Atasema fundi wa ng'ambo ya barabara atamfungia leoleo. Mwache aende.

Lile boksi nililimwaga jana baada ya kufunga duka. Nyaya ninazojua zilikotoka nimezifunga, kila moja na kikaratasi chenye jina la pawa saplai yake, ziko 11. Zilizobaki nimempa mnunuzi wa shaba, amezipima kwa kilo.