Kitanda Usichokilalia

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yatufaa tuutafakaripo ugonjwa wa endometriosisi, ambao humpata takriban mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Tishu zifananazo na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, zikaleta maumivu makali na pengine ugumba.

Ponyo la hakika halijapatikana. Dawa za homoni hutuliza maumivu, lakini nyingi huzuia mimba wakati zitumiwapo. Upasuaji wa kuziondoa tishu hizo waweza kuuhifadhi uzazi, ila maumivu huweza kurudi. Kuuondoa mji wa mimba kwaufunga mlango wa uzazi daima, na hata hivyo hakuhakikishi nafuu.

Huku Ayivu, jijini Arua, mahari ya Walugbara kwa desturi ni ng'ombe. Hivyo uamuzi huo huugusa ukoo mzima. Je, nani aamue? Twasema: ukoo na ushauri, mgonjwa na aamue. Ng'ombe waliunganisha koo mbili; hawakununua mateso ya mtu. Nasi walimu, msichana akosapo darasa kila mwezi, tusimwite mvivu; tumsadiki, tumwelekeze hospitalini.