Kubainisha Ila Katika Kuuza Gari la Wagonjwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Muungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Mas-ala: Mtu wa Tingi, katika nchi ya Kilwa, ana gari kuukuu la dizeli la kuchukulia wagonjwa. Injini yake ikiwa baridi haiwaki isipokuwa kwa taabu, na maji yake hupungua kila safari. Amekuja mnunuzi atakaye kulitumia kwa kazi ile ile. Mwenye gari ameliwasha tangu alfajiri, likapata moto kabla mnunuzi hajafika. Kisha asema: "Gari ndilo hilo, litazame, nauza kama lilivyo." Hakutamka uwongo hata neno moja. Je, amesalimika?

Jawabu: Hakusalimika. Uwongo si wa ulimi peke yake; mkono nao husema. Mtume s.a.w. amekataza kufunga chuchu za ngamia na mbuzi, maziwa yakajaa na mnunuzi akadhani ndiyo kawaida yake. Na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj mtu azuiaye maji ya kinu akayaachilia wakati wa kuuza, kwamba mnunuzi ana khiyari ya kurudisha. Kuipasha injini moto ili ila yake isionekane ni mamoja na kinu kile.

Ama sharti la "kama lilivyo", kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba halimwokoi muuzaji isipokuwa kwa ila ya ndani ya mnyama, ambayo yeye hakuijua. Kwani mnyama hula naye ni mgonjwa, na maradhi yake hufichika. Huenda mtu akasema: injini nayo ina matumbo yasiyoonekana, basi na ikisiwe kwa mnyama. Hata kiasi hicho kikikubaliwa, hakimfai huyu, kwani hata katika mnyama muuzaji hasamehewi ila aliyoijua. Na huyu ajua.

Atasema: "Nikieleza, bei itashuka, nami nitapata hasara." Hiyo si hasara. Fedha iliyozidi ni thamani ya uzima wa gari, na uzima huo hakuwa nao wa kuuza.

Na liko lililo zito zaidi. Mnunuzi aweza kurudisha gari, maadamu aliharakisha alipoijua ila na akaacha kulitumia. Walakini mwanamke mwenye uchungu, achukuliwaye usiku toka Tingi kwenda hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, hakuwapo katika mapatano. Gari likizimika njiani, yeye hana khiyari ya kurudisha kitu.

Basi ni wajibu wa muuzaji kuitaja ila. Na fundi au jirani aijuaye, naye ni wajibu kumwambia mnunuzi. Baada ya hapo wakiridhiana, biashara ni sahihi na fedha ni halali, ijapokuwa chache. Wallahu aalam.