Mkanda Usioonekana



Somo letu ni 2 Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza kwamba feza za wakfu zitengeneze mabomoko ya nyumba ya Mungu. Feza ziliingia, lakini mwaka wa 23 wa ufalme wake ukafika na mabomoko yalikuwa yangali pale. Baadaye kazi ilifanyika, na tunasoma ya kuwa watu waliopewa feza za kulipa mafundi hawakuulizwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Sisi mashemasi tuliposoma neno hilo tuliinamisha vichwa. Sikilizeni sababu.

Nyote mnalijua gari la parokia, lile la zamani la dizeli. Linachukua wagonjwa, linabeba kwaya, linasindikiza wafu wetu. Mwanzoni mwa majira ya vumbi yaliyopita, fundi alituita garajini. Akatoa kifuniko ubavuni mwa motere, akatuonyesha mkanda mweusi wa mpira wenye meno. Mkanda huo unaunganisha shafti ya chini, inayosukumwa na pistoni, na shafti ya juu, inayofungua supapi za kuingiza hewa na kutoa moshi. Ya chini ikizunguka mara mbili, ya juu inazunguka mara moja, wala haziruhusiwi kupishana hata jino moja. Mpira ulikuwa umeanza kupasuka.

Fundi akaandika karatasi: mkanda mpya, gurudumu dogo linaloukaza, pompi ya maji, na kazi ya mikono. Tukauliza, “Pompi haivuji. Kwa nini tuinunue?” Akajibu, “Wazee, katika motere hii mkanda huu ndio unaozungusha pompi. Kuifikia, nitafungua yote ninayofungua leo. Kazi ni moja. Tena mmetia maji matupu katika radiatere miaka mingi, na kutu imeingia ndani.”

Tulichukua kalamu, tukapiga mstari juu ya neno pompi. Feza ilikuwako. Tuliitumia kununua vitambaa vipya vya kupamba mbele ya kanisa, na nyote mlivisifu.

Fundi akafanya kile tulichokubali. Alipanga alama za motere, akaigeuza kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla ya kuwasha, akaona alama zimerudi mahali pake. Kazi yake ilikuwa safi.

Miezi miwili ikapita. Usiku mmoja, katika barabara ya kurudi kutoka Likasi, beringi ya pompi ile ya zamani ikakwama. Mkanda mpya ukakatika meno. Shafti ya juu ikasimama, lakini pistoni zilikuwa zingali zinapanda. Zikagonga supapi na kuzipinda. Wamama wa kwaya wakalala kando ya barabara, katika baridi, mpaka asubuhi. Katika juma lile lile, mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa alibebwa kwa pikipiki. Mtoto yuko mzima, na kwa hiyo tunamshukuru Mungu, wala hatujisifu. Kutengeneza kichwa cha motere kumekula feza mara nyingi kuliko bei ya pompi.

Lakini wandugu, dhambi yetu haiko katika pompi. Kukosea hesabu kunaweza kumpata kila mtu. Dhambi ilikuja siku ya Mungu, baada ya ibada, watu waliposema uani, “Fundi yule ametuibia, ameweka mkanda mbovu.” Sisi tulikuwa tumesimama pale. Tulisikia. Tulinyamaza. Neno likatoka kanisani likaingia mtaani, na watu wakaondoa magari yao katika garaji yake. Naye alikuwa na ile karatasi, yenye mstari wa kalamu yetu. Hakuionyesha kwa mtu ye yote. Alitungojea sisi tuseme.

Basi leo tunasema. Fundi hana kosa. Alituonya, nasi tulikataa. Ndugu fundi, tunakuomba msamaha mbele ya Kanisa lote. Kalamu yetu ilikata pompi, na kimya chetu kilikata jina lako. Siku ya Mungu ijayo tutasimama mbele na kusema hivi kwa midomo yetu, na ninyi mliosema uani, nendeni mseme kweli mahali pale pale mliposema uongo.

Kwa wenye magari ya zamani, pokeeni pia shauri hili. Ulizeni kwanza kama motere yenu ina mkanda ama mnyororo. Kama ni mkanda, na mlilinunua gari bila kujua ulibadilishwa lini, uhesabuni kuwa umezeeka, kwa maana mpira unachakaa kwa kilometa na kwa miaka pia. Kama mkanda ndio unaozungusha pompi, badilisheni vyote pamoja na gurudumu linalokaza. Tieni maji ya kupoza yenye dawa ya kuzuia kutu. Andikeni tarehe na kilometa.

Na kwa sisi tunaoshika feza ya Bwana: kitambaa kinaonekana na kila jicho, mkanda uko nyuma ya kifuniko. Mungu anaona nyuma ya kifuniko. Yeye atusaidie kutengeneza kwanza lile lisiloonekana, na kulisema kosa letu kabla mwingine hajalibeba.

Amina.

Mashemasi wenu