Nani Aliyeuleta Ugonjwa Huu Nyumbani?



Mume akianza kutetemeka mkono, hatua zikawa fupi na uso ukakauka, si ajabu mke kunong'onezwa na dada zake: "Huo ni wa ukoo wao. Uliolewa bila kuuliza." Mke naye akiugua, mume huambiwa vivyo hivyo na mama yake. Je, ni haki kumtia mwenzako hatiani kwa damu aliyozaliwa nayo?

Tuuangalie ugonjwa wenyewe. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, nao ukapewa jina lake. Katika ubongo, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda kwa mpango, hufa polepole. Ndani ya seli mna vijisehemu viitwavyo mitokondria, ambavyo hugeuza chakula kuwa nguvu, kama jiko. Jiko likiharibika, seli hudhoofika na kufa. Mwaka 1982 huko California, watu waliojidunga dawa ya kulevya yenye sumu ya MPTP walikakamaa ghafla kama wagonjwa wa Parkinson. Sumu ile ilikuwa imeshambulia mitokondria. Ukoo wao haukuhusika.

Hata hivyo, urithi upo. Jeni za PINK1 na Parkin husaidia kuondoa mitokondria mbovu, kama mtu anayezoa majivu jikoni. Zikiwa na kasoro, uchafu hurundikana, na mtu aweza kuugua hata kabla ya miaka 40. Lakini kwa kawaida, ili augue hivyo, ni lazima apokee kasoro kwa baba na kwa mama pia, na wazazi hao mara nyingi ni wazima kabisa. Sasa utamlaumu nani? Wako wanaosema kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama, basi kosa ni la mama. Sivyo. Jeni hizo mbili hukaa katika kiini cha seli, na hutoka kwa wazazi wote wawili. (Akina mama wamekwisha kulaumiwa vya kutosha katika nyumba zetu.) Tena wagonjwa walio wengi hawana kasoro ya jeni moja inayojulikana. Umri unachangia, na baadhi ya dawa za kunyunyizia mimea zimehusishwa nao.

Lawama humfaa aliyejua na akachagua. Mchumba anayejua kwamba ugonjwa uko kwao, akanyamaza hadi baada ya harusi, huyo ana jambo la kujibu: amemnyima mwenzake ukweli. Damu yake haina kosa.

Watoto wakiuliza kama nao watatetemeka, msiwafiche. Iko jeni nyingine, LRRK2, ambayo nakala moja yenye kasoro yatosha kuleta ugonjwa; kila mtoto wa mwenye nakala hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Waambieni hilo, na pia kwamba wako wengi walioirithi wakafika uzeeni mikono yao ikiwa imetulia.