Mtoto, Farasi na Sahihi ya Mzazi

Ndugu walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi mnaozisoma kurasa hizi, leo twapenda kuweka mbele yenu swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo, lakini ukilifikiri sana laweza kukunyima usingizi. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima ana haki gani ya kuliandika jina la mtoto katika orodha ya washindani?

Lilitujia kwa njia tusiyoitazamia. Mzazi mmoja wa hapa Kigali alifika shuleni kwetu akiwa na fomu mkononi. Binti yake, mwenye umri wa miaka 13, hujifunza kupanda farasi huko juu ya Mlima Kigali. Fomu ilikuwa ya mashindano ya vijana wapanda farasi nchini Kenya, nchi ambayo michezo ya farasi ina mizizi ya siku nyingi. Uwanja wa mbio wa Ngong, mjini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954. Mzazi huyo hakuja kututaka shauri. Alitaka tu tumfafanulie lugha ya fomu ile, maana ilikuwa ya Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa. Basi tukaipitia mstari kwa mstari: jina la farasi, ambalo aliliacha wazi kwa kuwa farasi angeazimwa huko huko, cheti cha daktari wa mifugo, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, sahihi ya mzazi. Tulipofika mwisho tukaona jambo moja. Hapakuwa na mahali pa sahihi ya mtoto.

Kwa upande wa sheria hapana kosa, kwani mtoto hawezi kujifunga kwa mkataba. Lakini mambo ya haki hayaishii pale inapoishia sheria, na ndiyo maana twaliandika neno hili.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana katika nchi yetu farasi ni mgeni. Mnyama wa heshima hapa Rwanda tangu kale ni ng'ombe, na hasa Inyambo wenye pembe ndefu, waliozoezwa kutembea kwa madaha mbele ya wakubwa. Mashindano tunayoyasema yana sehemu tatu. Katika ya kwanza farasi huonyesha adabu yake: hutembea, huenda mbio za polepole, hugeuka na kusimama kwa ishara ndogo ya aliyempanda, huku waamuzi wakitazama. Ya pili ni mbio za nyikani, kupanda na kuteremka vilima, kuvuka maji na kuruka vizuizi vilivyojengwa imara kwa magogo. Ya tatu ni kuruka vizuizi vya uwanjani, ambavyo fito zake huanguka zikiguswa.

Asili ya mchezo huu ni mazoezi ya askari wa farasi wa Ulaya. Uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912, mjini Stockholm, na hapo mwanzoni walioruhusiwa kushindana ni maofisa wa jeshi peke yao. Mwanamke hakuonekana humo hata mwaka 1964, huko Tokyo. Leo kuna daraja la watoto wa miaka 12 hadi 16, wapandao farasi wadogo, na daraja la vijana wa miaka 14 hadi 18. Hivyo kazi iliyokuwa ya maofisa wa vita imekuwa mchezo wa watoto wa shule. Hatari kubwa imo katika sehemu ya pili. Gogo lililokazwa halianguki. Farasi akiligonga kwa miguu ya mbele huweza kupinduka, naye mpandaji akawa chini yake. Kwa sababu hiyo siku hizi baadhi ya vizuizi hufungwa kwa pini zinazoachia pindi gogo linapopigwa kwa nguvu.

Sasa tazameni kanuni mbili za mchezo huu, ambazo ndizo zilizotufanya tushike kalamu. Katika mashindano makubwa, kabla ya kuanza na tena kabla ya sehemu ya mwisho, kila farasi hukimbizwa polepole mbele ya waamuzi na daktari wa mifugo. Akichechemea huondolewa, hata kama mwenyewe ametoka mbali na ametumia fedha nyingi. Tena, farasi akifika mbele ya kizuizi akakataa kuruka, kukataa kwake huandikwa. Akikataa tena huandikwa tena. Na idadi iliyowekwa ikitimia, hutolewa mashindanoni, wala mpandaji hana ruhusa ya kuendelea kumlazimisha.

Basi kukataa kwa mnyama kuna hesabu. Je, kukataa kwa mtoto huhesabiwa na nani?

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kuyatafuta mambo katika maneno, na hapa Kiswahili chatusaidia. Twasema mtu anapanda farasi, anapanda baiskeli, anapanda mlima. Lakini tunayo pia kauli ya kutendwa: twasema fulani amepandwa na hasira, au amepandwa na pepo. Na kwa lugha ya waganga wa pwani, yule aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa hasemi yeye. Asemaye ni yule aliyemkalia. Tukimwona mtoto juu ya farasi, twadhani mpandaji ni mmoja tu. Huenda wako wawili. Huenda mtoto amempanda farasi, na mtoto mwenyewe amepandwa na tamaa ya baba yake, au ya mama yake, au ya mwalimu wake. Hapo kiti kikivunjika, aliyekikalia huondoka salama.

Twajua kwamba wako watakaotupinga, na hoja zao si nyepesi. Watasema: samaki mkunje angali mbichi. Watasema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni mtoto gani aliyewahi kutaka mwenyewe kwenda shule siku ya kwanza? Ni nani aliyejifunza kuogelea bila ya kuyaogopa maji? Tukingoja mtoto aridhie kila jambo, tutalea watu wasioweza kuvuka hata mfereji. Tena iko hoja ya maisha. Kwa vijana wengi wa nchi yetu mashindano si anasa, ni mlango. Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na tangu hapo vijana wengi wa vijijini wameitazama baiskeli kwa macho mapya. Nani athubutu kumwambia mtoto wa maskini asishindane?

Hoja hizo twazikubali kwa sehemu kubwa. Na kwa kuwa farasi ni wachache kwetu, tutazame mfano ulio karibu, ambao kila mkazi wa Kigali aliushuhudia kwa macho yake. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 mji wetu ulipokea Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Shule za mjini zilifungwa juma lile, na wanafunzi wetu wakajipanga kando ya njia. Waliwaona vijana wa miaka 17 na 18, wavulana kwa wasichana, wakiupanda mlima wa Kimihurura uliotandikwa mawe, jasho likiwatiririka. Paula Ostiz wa Hispania alishinda kwa upande wa wasichana, na Harry Hudson wa Uingereza kwa upande wa wavulana. Wanafunzi wetu walirudi darasani wakiwa na majina hayo midomoni, nasi tukafurahi kuwasikia wakiyasimulia kwa Kiswahili.

Lakini siku ya mwisho tuliona jambo lililotufundisha zaidi. Katika mbio za wanaume wakubwa, zenye urefu wa kilomita 267.5, walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Hao wengine, mabingwa wenye misuli na mishahara, walishuka njiani mmoja mmoja. Hatukumsikia hata mtu mmoja akiwazomea. Mtu mzima akisema "nimechoka, basi," huambiwa kwamba ameujua uwezo wake. Mtoto akisema maneno yale yale huambiwa, "Jikaze! Unatuaibisha!"

Wala hatari si ya kubuni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2024, katika mashindano kama hayo mjini Zurich, Muriel Furrer wa Uswisi, msichana wa miaka 18, alianguka katika mbio za wasichana na kufariki siku iliyofuata. Kigali ilipofika zamu yake, kila mshindani alifuatiliwa kwa chombo kidogo kinachoonyesha mahali alipo, ili anayeanguka asipotee machoni. Hivyo ndivyo inavyopasa: watu wazima wakijifunza, waufanye mchezo uwe na macho zaidi. Ila chombo hicho huonyesha mtoto yuko wapi. Hakionyeshi kama yeye mwenyewe alitaka kuwapo.

Hapa, ndugu zetu, hatuna budi kukiri kosa letu, maana si vema kumnyoshea mzazi kidole hali vingine vinatuelekea sisi. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulikuwa na ari kubwa. Palipotangazwa mashindano ya hotuba tuliliandika jina la mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwenye sauti nzuri na matamshi safi. Hatukumwuliza, tulimpasha habari. Alitujia mara ya kwanza akasema haoni kama yuko tayari. Tukamwambia ajikaze. Alitujia mara ya pili akasema usiku halali. Tukamcheka kwa upole. Mara ya tatu hakusema neno. Alisimama tu mlangoni mwa ofisi, nasi tukamwambia arudi darasani. Siku ilipofika alipanda jukwaani, akatazama watu, na maneno hayakutoka. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono tena katika kipindi cha Kiswahili.

Hivi karibuni tulikutana naye sokoni Kimironko, sasa ni mtu mzima. Tulimsalimu kwa Kiswahili. Alitujibu kwa heshima zote, kwa Kinyarwanda.

Farasi angekuwa ametolewa uwanjani mapema. Mwanafunzi wetu alikataa mara tatu, na sisi tuliokuwa waamuzi hatukuandika.

Tusemeje basi? Je, tuache kuwaandikisha watoto? Hapana. Twasema tu kwamba sahihi ya mtu mzima ni amana, na amana hii ina masharti. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, wasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Haukusema kwamba mtoto ndiye aamuaye kila jambo. Umesema asikilizwe, na asikilizwe kwa uzito.

Na hapa ndipo ulipo ugumu, kwa sababu hofu na kukataa hufanana kwa sura. Walimu wa farasi hutuambia kwamba farasi akisita mbele ya gogo, huenda anashangaa tu jambo jipya, naye atatulia akitiwa moyo. Au huenda mguu wamwuma, na kumchapa ni kumdhulumu. Hawezi kuitambua tofauti hiyo mtu aliyemwona farasi asubuhi ile tu. Huitambua yule aliyemlisha, aliyempiga brashi na kumtembeza kwa miezi. Vivyo hivyo kwa mtoto. Haki ya kumwambia "jikaze" haitoki katika ubaba wala katika ualimu. Hutoka katika kumjua. Asiyemjua mtoto hana haki ya kumsukuma. Na hata anayemjua hana haki ya kuufunga mlango nyuma yake. Mtoto aliyeingia mashindanoni akijua kwamba aweza kutoka bila kuzomewa nyumbani, huyo ujasiri wake ni wake. Yule asiye na pa kutokea hatuwezi kujua kama ni jasiri au ni mfungwa.

Mzazi wetu alirudi baada ya juma moja. Alisema binti alimwuliza swali moja tu: "Baba, huyo farasi wa kuazima nimemjua lini?" Akasema yu tayari kushindana, ila si juu ya mnyama wasiyefahamiana, na ikiwa haiwezekani kufika mapema kumzoea, basi ni heri angoje mwaka mwingine. Baba alikiri kwamba aliudhika, kwa kuwa alikwisha kuwatangazia ndugu na jamaa safari hiyo. Fomu aliirudisha sandukuni bila kuitia sahihi.

Nasi, walimu wenzetu, tarehe 7 Julai hutujia kila mwaka, na fomu huja pamoja nayo. Twaomba jambo moja lifanyike katika kila shule: kabla ya kuliandika jina la mwanafunzi, tumwite, tumweleze anachoingia, tumpe siku chache za kufikiri, na akikataa, tuandike kwamba amekataa. Huenda mwaka huo shule isipate kikombe. Lakini mwanafunzi huyo atabaki na Kiswahili chake, na pengine mwaka unaofuata atakuja mwenyewe mlangoni kutuomba kalamu.