Je, Upweke wa Paka Mzee ni Jukumu Letu?

Swali tunalotaka kulitazama hapa laweza kuonekana dogo. Mtu aliyemfuga paka mpaka akazeeka anawiwa nini na mnyama huyo? Je, akimpa chakula na maji amekwisha timiza wajibu wake, au hata upweke wa kiumbe huyo umo katika deni lake?

Swali hili lilinijia kwa njia ya kosa langu mwenyewe. Nyumbani kwetu walikuwapo paka wawili wa tumbo moja, walioishi pamoja miaka 12. Mmoja alipokufa, wa pili, jike, akaanza kulia usiku, akizunguka chumba kwa chumba kama atafutaye kitu. Kilio kile kilitunyima usingizi. Basi nikaona nimfanyie hisani: nikaleta kitoto cha paka, nikakiweka mbele yake siku ileile, nikafunga mlango ili wazoeane. Yule mzee akafura manyoya, akafoka, akapanda juu ya kabati. Siku nzima hakula. Kisha akaanza kukojoa juu ya mkeka, jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote. Nikamkasirikia, nikasema hana shukrani.

Lakini mtu akijihesabu nafsi yake kwa haki huona mengi. Nilipotafakari niligundua kwamba sikutafuta kuondoa upweke wake, bali usumbufu wangu. Nilimpa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Nilipomfikisha kwa daktari wa mifugo, ndipo nikaambiwa kwamba masikio yake yamedhoofika na viungo vya miguu ya nyuma vinamwuma. Paka mzee aliaye usiku huenda ana huzuni. Lakini pia huenda ana maumivu, au haoni wala hasikii vema, au figo zake zina maradhi, au akili yake imechoka kwa uzee. Asiyechunguza atayaita yote hayo upweke.

Yatupasa sasa tutazame dini inatufundisha nini. Katika Sura Al-An'am, Kurani Tukufu inatujulisha kwamba wanyama wote wa nchi na ndege warukao ni umma kama tulivyo sisi. Mwenye kuzingatia ataona kwamba kila umma una desturi na maumbile yake, wala si haki kuupima umma mmoja kwa kipimo cha mwingine. Tena Mtume Muhammad (s.a.w.) ametusimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie chakula chake katika wadudu wa ardhini. Tazameni vema: dhambi ile ina pande mbili. Laiti angemwachia, paka angejitafutia. Ni kule kumfungia kulikomtwika mwanamke yule mzigo wote wa mahitaji yake. Kadhalika sisi, tumfungiapo paka ndani ya kuta zetu na kumchagulia mahali pa kulala na wa kuishi naye, tumejitwika yale ambayo angejitafutia mwenyewe.

Vilevile imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada (r.a.) aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mke wa mwanawe alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani yeye ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hivyo paka si mgeni wa kufukuzwa.

Basi maumbile ya paka ni yapi? Wataalamu wamethibitisha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama awindaye peke yake na kulinda eneo lake. Urafiki wake na mwanadamu ni wa kale sana; katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Hata hivyo, ile tabia ya kulinda eneo haijamtoka. Paka waweza kupendana, hasa wale waliokua pamoja, lakini kwa paka mzee, paka mgeni si zawadi. Kwanza ni mvamizi.

Kwa hiyo atakaye kuwapatanisha na afuate njia ya subira. Kwanza, mgeni awekwe katika chumba chake, na chakula, maji na sinia lake la mchanga, ili mwenyeji asipoteze chochote alichokuwa nacho. Pili, wajuane kwa harufu kabla ya macho: kitambaa alicholalia mmoja kipelekwe kwa mwingine, kisha walishwe pande mbili za mlango uliofungwa. Tatu, waonane kwa upenyo mdogo, kwa muda mfupi, na mara wakikaza macho au kufoka watenganishwe bila kupigwa wala kukaripiwa, maana adhabu huongeza hofu. Nne, vyombo vyao visiwe vya kugombewa: kila mmoja awe na bakuli lake, na masinia ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja. Kazi hii huchukua majuma, pengine miezi.

Huenda mtu akauliza: Je, si upotevu kushughulikia huzuni ya paka hali wako wanadamu wenye njaa na wajane wasiotembelewa? Swali hili lina haki yake. Anayemkumbatia paka na kumsahau jirani amepotoka. Lakini huruma si debe la nafaka, kwamba ukimchotea mmoja mwingine hupungukiwa. Aliyejifunza kumwangalia asiyeweza kusema, akatambua maumivu yake bila kuambiwa, amejifunza jambo atakalolihitaji mbele ya mzee wake mwenyewe. Je, si mara nyingi tunawafanyia wazazi wetu lile nililomfanyia paka? Twamletea mama mzee mtumishi au redio ili anyamaze, wala hatukai naye kitako kumwuliza kinachomwuma.

Ama yule paka wetu, tulianza upya, taratibu. Tulimwekea kisanduku cha kukanyagia ili apande mahali pake bila maumivu, na kila jioni nikakaa naye peke yake robo saa, kitoto kikiwa chumba kingine. Kilio cha usiku kilipungua kabla wale wawili hawajaonana tena. Hapo nilifahamu kwamba sehemu kubwa ya alichokikosa ilikuwa mikononi mwangu tangu mwanzo. Baada ya miezi miwili walikula katika chumba kimoja. Hawakuwa marafiki, wala hawakulala pamoja kama alivyolala na ndugu yake. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi yake. Nami sikuwadai zaidi ya hayo.

Basi jibu la swali letu ni hili: naam, upweke wake umo katika deni letu, lakini haulipwi kwa kumletea tunachokipenda sisi. Hulipwa kwa kumjua, kumtibu, na kumpa sehemu ya wakati wetu. Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona haja za viumbe Wake walio chini ya mikono yetu, na atusamehe tuliyowakosea kwa kutojua. Amin.