Kizimamoto ni cha nani?

Neno la leo ni dogo, laonekana kama neno la mafundi wa motokari tu. Ngojeni kidogo.

Mpwa wangu anakaa Ubelgiji, mjini Liège. Alinunua gari dogo la Mazda, lile liitwalo MX-5, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1989. Lina viti viwili tu, na paa lake hukunjwa. Ni gari la furaha, si la mizigo. Sheria ya Ubelgiji yataka kila motokari iwe na kizimamoto, naye alikuwa nacho: chupa nyekundu yenye kilo moja ya unga, imelala katika sanduku la nyuma chini ya koti la mvua, bado imevaa nailoni ya dukani. Akaniambia katika simu: "Mjomba, polisi akiuliza nitamwonyesha. Moto ukija nitaruka nje. Gari lina bima. Kukifunga mbele ni kuharibu gari zuri bure."

Nilitaka kumkemea, nikaona aibu. Maana mimi mwenyewe nilibeba kizimamoto miaka mitatu bila kutazama mshale wake. Siku nilipoutazama, ulikuwa umelala penye rangi nyekundu. Miaka ile yote nilibeba chuma tu.

Basi, swali ni hili: je, mtu akiwa na kitu, ametimiza wajibu wake? Polisi anauliza: unacho? Dhamiri inauliza neno jingine: mkono wa nani utakifikia, na kwa muda gani?

Tukumbuke yaliyotokea Uholanzi tarehe 29 Julai 1973, katika mashindano ya motokari ya Zandvoort. Gari la kijana Mwingereza, Roger Williamson, mwenye miaka 25, lilipinduka na kuwaka moto, naye akabanwa chini yake, yu hai. Mwenzake David Purley akasimamisha gari lake, akavuka njia mbio, akajaribu kulipindua lile gari kwa mikono yake. Peke yake hakuweza. Akachukua kizimamoto cha mlinzi wa njia, akakitumia. Hakikutosha. Walinzi walikuwapo, lakini hawakuvaa nguo za kukinga moto, wakashindwa kukaribia. Gari la wazimamoto lilikuwapo pia, lakini mbali, na mashindano hayakusimamishwa. Madereva wengine walimwona Purley kando ya gari linaloungua, wakadhani ndiye dereva wake, ameokoka, wakapita. Msaada ulipofika, Williamson alikwisha kufa. Baadaye Purley alipewa Nishani ya George ya Uingereza kwa ushujaa wake.

Tazameni: vitu vilikuwapo. Watu walikuwapo. Nani alikosa? Siwezi kumhukumu mlinzi aliyesimama na shati la kawaida mbele ya petroli iwakayo. Mimi nisingeingia. Kosa lilitendeka siku nyingine, siku isiyo na moshi, watu walipokaa kupanga mashindano: nani atasimama wapi, atavaa nini, gari la wazimamoto litapita njia gani. Saa ya moto kila mtu alifanya alivyoweza kwa kile alichowekewa. Ndiyo sababu nasema hukumu yetu ni ya siku ya utulivu, tunapofunga chupa hii mahali fulani, au tunapoacha kuifunga.

Wengine watasema: mbona Purley alikuwa na kizimamoto mkononi, na mwenzake akafa? Basi kina faida gani? Ni swali la haki. Chupa ya kilo moja hutoa unga kwa sekunde kama kumi tu. Haitazima gari linalowaka lote. Yaweza kuzima moto wa waya unapoanza, au kumpa mtu nafasi ya kumfungua mwenzake mshipi. Hatudaiwi kushinda. Tunadaiwa zile sekunde kumi. Na mtu aliyezificha chini ya koti, amemnyima nani?

Nikamwuliza mpwa wangu: "Nani anakaa kuume kwako?" Akajibu: "Mchumba wangu." Nikamwambia: "Bima italipa bati. Lakini ukizimia wewe, ni yeye atakayetafuta chupa. Na ukikuta gari la mtu mwingine linawaka njiani, utaanza kupangua mizigo?" Akanyamaza. Kisha akauliza habari ya bolti, nikajua tumesikilizana.

Tukashauriana. Kishikio kiwe cha chuma, kisiwe cha plastiki. Maana gari likigonga kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, gari husimama, bali kitu kisichofungwa huendelea kwa mwendo uleule, na chupa hii pamoja na chuma chake ni karibu kilo mbili. Asitoboe sakafu ovyo, kwa kuwa chini yaweza kupita bomba la petroli au la breki. Afadhali bapa la chuma likamatwe na bolti zilezile za mbele za kiti, chupa ilale juu yake, nyuma ya miguu ya abiria. Upande wa dereva nilimkataza: ikifunguka itabingirika chini ya kanyagio la breki. Kifungo kielekee katikati, mikono ya wote wawili ikifikie, na kiti kiweze bado kusogea.

Alifunga Jumamosi moja. Mchumba wake alinung'unika kwamba visigino vyake vinagonga chuma, na kweli vinagonga. Halafu akafumba macho, akanyosha mkono, akatafuta kifungo. Mara ya kwanza alishika wenzo wa kusogezea kiti. Mara ya nne chupa ilitoka.